Gazeti la karatasi lina mwisho, habari za mtandaoni hazina: tujadili usanifu wake

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Mjadala wa karatasi na skrini huwa unaishia kwenye bei na kasi. Leo naomba tuviweke kando tuzungumzie usanifu: habari inapangwaje mbele ya macho ya msomaji, na mpangilio huo unamsaidia au unamchosha vipi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Gazeti linamwonyesha msomaji kipi ni kizito leo, halafu linamwambia amemaliza. Kurasa nyingi za habari mtandaoni hazifanyi lolote kati ya hayo mawili, na naamini hiyo ndiyo sababu kubwa ya watu kutoka kwenye simu wamechoka bila kujua wamesoma nini.

Tuanze na ukurasa wa mbele. Msanifu kurasa ana eneo lenye mipaka. Akiipa habari moja safu tano, nyingine zinabanwa chini au zinasukumwa ndani. Kila sentimita anayoitoa hapa ameinyima habari nyingine, kwa hiyo ukubwa wa kichwa cha habari una maana. Msomaji anauelewa uamuzi huo hata kabla hajasoma neno moja. Na kwa kuwa gazeti la kurasa kubwa huuzwa likiwa limekunjwa, nusu ya juu ndiyo inayobeba kilicho kizito zaidi.

Mfano ninaourudia kila mara ni ukurasa wa mbele wa New York Times wa tarehe 24 Mei 2020, siku ambazo vifo vya korona Marekani vilikuwa vinakaribia 100,000. Waliondoa picha zote, wakaondoa habari nyingine zote, wakajaza safu sita kwa majina ya waliofariki, kila jina na maneno machache kuhusu maisha yake. Nguvu yake ilitokana na kilichoondolewa. Aliyezoea kuona picha na vichwa vitano, sita pale, akikuta maandishi matupu kuanzia juu hadi chini, anajua hii si siku ya kawaida. Mtandaoni waliitengenezea habari hiyo ukurasa wa kusogeza wenye maumbo madogo ya watu, na ni kazi nzuri sana, lakini ilikuwa kiungo kimoja kati ya viungo vingi.

Lugha hii ya ukurasa haikushuka kutoka mbinguni, ilijengwa polepole. The Times ya London iliweka matangazo madogo madogo kwenye ukurasa wake wa mbele hadi Mei 1966, ndipo habari zikapewa nafasi hiyo. Gazeti hilohilo mwaka 1932 lilibadilisha herufi zake zote kwa sababu Stanley Morison, bingwa wa uchapaji, alilikosoa kwamba limechapwa vibaya na limepitwa na wakati. Fonti iliyotokana na ukosoaji huo ni Times New Roman, iliyokusudiwa kuingiza maneno mengi kwenye safu nyembamba bila kuumiza macho. Yaani watu walikaa wakafikiria upana wa herufi moja kwa ajili ya msomaji.

Sasa fungua tovuti yoyote kubwa ya habari kwenye simu. Kadi ya kwanza, picha na kichwa. Kadi ya pili, picha na kichwa, ukubwa uleule. Vita, ndoa ya msanii, bajeti ya serikali, kipa aliyeumia goti, vyote vina sura moja. Unashuka, unashuka, na hakuna mahali panapokuambia basi, hizi ndizo za leo.

Karibuni tujadili.

#2 Mchangiaji, anaunda tovuti

Mkuu, uzi mzuri, ila unaibebesha skrini lawama zisizo zake. Karatasi ina upana mmoja unaojulikana. Mimi ukurasa wangu utafunguliwa kwenye simu ndogo, simu kubwa, tableti, kompyuta na televisheni. Hadi mwaka 2010, mbunifu wa tovuti Ethan Marcotte alipoandika makala yake kuhusu kurasa zinazojirekebisha kulingana na upana wa skrini, wengi tulikuwa tunatengeneza tovuti mbili tofauti, ya simu na ya kompyuta. Boston Globe lilikuwa miongoni mwa magazeti makubwa ya kwanza kutumia njia hiyo, mwaka 2011. Njia hiyo ina gharama yake: kwenye simu, safu zote zinaporomoka kuwa moja. Safu tano unazozisifia hazipo. Kilichobaki ni nani yuko juu na nani yuko chini.

Halafu gazeti nalo lina makosa ya usanifu ambayo tungefukuzwa kazi kama tungeyafanya sisi. Unasoma habari imekolea, ghafla "inaendelea ukurasa wa 7". Unafunua, unatafuta, unakuta mkia wa habari umebanwa kati ya matangazo mawili, ukirudi ukurasa wa kwanza umeshasahau ulikuwa unataka kusoma nini baadaye. Na herufi ni ndogo, huwezi kuzikuza.

#3 Mleta uzi

Kwenye "inaendelea ukurasa wa 7" sina utetezi, na nakubaliana nawe kabisa. Ule mkato ulikuwa unamhudumia mhariri aliyetaka kuonyesha habari nyingi mbele, wakati msomaji ndiye anahangaika kufunua.

Ila hapo kwenye safu moja, bado kuna vifaa vya kuonyesha uzito ambavyo hatuvitumii. Ukubwa wa kichwa cha habari. Kuwepo au kutokuwepo kwa picha: habari kumi zikiwa na picha zote kumi, picha haisemi chochote tena. Nafasi tupu kuzunguka habari kubwa. Kichwa kidogo cha pili kwa habari inayostahili maelezo, na mstari mmoja tu kwa isiyostahili. Hivi vyote vinaingia kwenye skrini ya simu. Kinachozuia ni kwamba mfumo wa kuchapisha umetengenezwa na kiolezo kimoja, kila habari inamiminwa humo, na hakuna anayelipwa kuamua.

Kuhusu mwisho, kuna waliojaribu. La Presse ya Montreal mwaka 2013 walianzisha toleo la tableti linalotoka mara moja kwa siku, lina kurasa zake, lina sehemu zake, na ukifika mwisho umefika mwisho. Lilikubalika kiasi kwamba mwanzoni mwa 2016 waliacha kuchapa karatasi siku za katikati ya wiki, na mwisho wa 2017 wakaacha hata la Jumamosi. The Times ya London nayo mwaka 2016 iliacha kumwaga habari kila dakika kwenye tovuti na aplikesheni zake, ikahamia kwenye matoleo ya saa maalumu: asubuhi, mchana na jioni. The Economist lilikuwa limeshatoa Espresso mwaka 2014, muhtasari mfupi wa kila asubuhi unaomalizika. Hakuna aliyenakili sura ya karatasi hapo, walichochukua ni wazo la toleo.

Na ndiyo maana sipendi zile nakala za gazeti zinazowekwa mtandaoni kama picha ya karatasi, unakuza, unavuta kushoto, unavuta kulia, unapotea. Hapo umechukua mipaka ya karatasi ukaacha faida zake.

#4 Mchangiaji, msomaji asiyeona

Nimefuatilia kimya, naomba nami niseme, maana mjadala huu kila mara unafanywa na wenye macho.

Gazeti la karatasi kwangu ni shuka lisilosema kitu. Kwa miaka mingi nilisoma kile ambacho mtu mwingine aliamua kunisomea, kwa muda aliokuwa nao na kwa hamu aliyokuwa nayo. Kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye skrini, kimenipa kitu ambacho ninyi mmekuwa nacho siku zote: kuchagua mwenyewe. Naruka kutoka kichwa kimoja cha habari hadi kingine, nikivutiwa naingia. Hiyo ndiyo namna yangu ya kupitisha macho kwenye ukurasa.

Lakini inafanya kazi pale tu aliyeunda ukurasa ameweka vichwa kama vichwa kweli kwenye msimbo. Wengi wanayafanya maandishi kuwa makubwa na meusi tu. Kwa jicho yanaonekana kichwa, kwa kisoma skrini ni aya kama nyingine. Mleta uzi umesema mtandao hauonyeshi uzito. Kwangu kuna ngazi za vichwa, cha kwanza, cha pili, cha tatu, na zikitumika vizuri nausikia uzito huo. Picha zisizo na maelezo mbadala, yaani maneno machache ya kueleza picha, zinasomwa kama mlolongo wa herufi na namba za faili. Na dirisha la "jiunge na jarida letu" linaporukia katikati, mara nyingine linanifungia humo, sipati kitufe cha kulifunga kwa sababu hakikuandikwa jina.

Miongozo ipo tangu mwaka 1999, ile ya WCAG ya kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu. Inasema hata tofauti ya rangi kati ya maandishi ya kawaida na mandhari iwe angalau 4.5 kwa 1, na maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila ukurasa kuvurugika. Hayo yanawafaa pia wazee wenu na yeyote anayesoma juani. Kwa hiyo tunapolilia karatasi, tusisahau kuna watu ambao mlango ulifunguka juzi tu.

#5 Mleta uzi

Ndugu, asante sana. Umeongeza jambo ambalo uzi huu ungekuwa mbovu bila hilo. Na nadhani unaliimarisha: mpangilio wenye ngazi unamsaidia anayeona na asiyeona kwa sababu moja, kwamba unamwambia msomaji yuko wapi na kipi kinafuata.

Niongeze upande wa tafiti, maana kuna imani kwamba kwenye skrini watu hawasomi. Mwaka 1997 Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia tovuti, alieleza kuwa asilimia 79 ya watu aliowapima walipitisha macho tu kwenye ukurasa mpya, na asilimia 16 ndio waliosoma neno kwa neno. Mwaka 2006 akaonyesha kuwa macho hutembea kwa umbo la herufi F: mstari wa juu, mwingine chini kidogo, kisha yanateremka upande wa kushoto. Takwimu hizo zimetumika kuhalalisha habari za aya tatu.

Lakini Taasisi ya Poynter ya Marekani mwaka 2007 ilitoa utafiti wa kufuatilia mwendo wa macho ya wasomaji wa habari, na matokeo yakashangaza wengi. Msomaji wa mtandaoni akishachagua habari, alisoma wastani wa asilimia 77 ya maandishi yake. Wa gazeti la kurasa kubwa alisoma asilimia 62, na wa tabloidi, gazeti la kurasa ndogo, asilimia 57. Maana yake watu wanapitisha macho wakiwa wanatafuta, wakipata wanasoma. Kazi ya usanifu iko kwenye kutafuta huko.

Kuelewa ni suala jingine. Mwaka 2018 Pablo Delgado na wenzake walikusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, wakakuta waliosoma kwenye karatasi wanaelewa vizuri zaidi, hasa maandishi ya kutoa taarifa na hasa msomaji anapobanwa na muda. Kwenye masimulizi pekee tofauti haikuonekana. Kilichonigusa zaidi ni kwamba pengo lilikuwa linaongezeka kadiri miaka inavyokwenda, ingawa skrini zinazidi kuwa bora. Kwa hiyo tatizo si mwanga wala ukali wa picha. Mimi nalitafsiri hivi: tumezizoeza akili zetu kwamba skrini ni mahali pa kupita. Usanifu unaomsukuma mtu kwenye kitu kingine kila sekunde chache unaikuza tabia hiyo.

#6 Mchangiaji, aliwahi kuwa msanifu kurasa

Mmenikumbusha chumba cha habari usiku. Niguse vitu viwili ambavyo sijaona mkivitaja.

Kwanza kichwa cha habari. Kwenye karatasi hakikai peke yake. Kina picha pembeni, kina kichwa kidogo chini yake, na juu ya ukurasa kuna lebo: Siasa, Biashara, Maoni. Ndiyo maana tuliweza kuandika maneno matatu yenye kugusa na msomaji akaelewa. Mtandaoni kichwa kinasafiri bila ndugu zake. Kinatokea kwenye matokeo ya utafutaji, kwenye kundi la WhatsApp, kwenye arifa ya simu, kikiwa uchi. Lazima kibebe kila kitu, kwa hiyo kinarefuka, au kinaficha jambo makusudi ili ubofye.

Na ile lebo ya Maoni ndiyo inayoniuma kuliko yote. Kwenye gazeti ukurasa wa maoni ulikuwa na sura yake: picha ya mwandishi, herufi za mlazo, mstari tofauti. Ulijua umeingia chumba kingine. Ukishirikisha makala hiyo mtandaoni, inatokea na picha na kichwa kama habari ya uchunguzi. Msomaji anasema "gazeti fulani limeandika" wakati ni mtu mmoja ametoa maoni yake. Kurekebisha hili ni rahisi: neno "Maoni" liwe ndani ya kichwa chenyewe, liende popote kichwa kinapokwenda. Baadhi ya vyombo vinafanya hivyo, ningependa vyote vifanye.

Pili, makosa. Gazeti likishatoka limetoka. Novemba 1948 Chicago Daily Tribune lilichapa kwenye ukurasa wa mbele kwamba Dewey amemshinda Truman kwenye uchaguzi wa urais, kwa sababu muda wa kwenda mitamboni ulifika kabla ya matokeo. Truman, ambaye ndiye aliyeshinda, akapigwa picha amelishika huku akitabasamu, na kosa hilo litaonekana daima. Leo kosa kama hilo linafutwa kwa dakika mbili. Ni vizuri kwa usahihi, lakini wengi wanabadilisha maandishi kimyakimya, na aliyesoma asubuhi hajui kuwa alichosoma kimeondolewa. Gazeti lilikuwa na kona ya masahihisho. Kwenye ukurasa wa mtandaoni kona hiyo ingepaswa kuwa juu kabisa ya habari yenyewe, kwa saa na tarehe.

#7 Mchangiaji, anaunda tovuti

Hoja ya vichwa nimeielewa, nitaipeleka kazini.

Niseme ukweli kuhusu matangazo, maana ndiyo mgonjwa tunayemzunguka. Kwenye gazeti tangazo linakaa mahali pake, halisogei. Tangazo la kwanza la bango kwenye wavuti lilitokea Oktoba 1994 katika jarida la mtandaoni la HotWired, na miaka minne baadaye watafiti walikuwa tayari wanaandika kwamba macho ya watu yamejifunza kuyakwepa mabango. Tangu hapo imekuwa mbio: watu wakikwepa, tangazo linahamia katikati ya aya. Wakizoea, linafunika ukurasa. Ongeza madirisha ya kukubali vidakuzi, yaani vifaili ambavyo tovuti huweka kwenye kifaa chako kukutambua, yaliyotapakaa baada ya sheria ya Ulaya ya kulinda data kuanza kutumika Mei 2018, mengi yakiwa na kitufe kikubwa cha "kubali" na kidogo cha kukataa kilichofichwa.

Baya kuliko yote kwangu ni ukurasa kuruka. Uko katikati ya sentensi, tangazo linaingia juu, maandishi yanashuka, au unabofya kiungo unajikuta umebofya tangazo. Kiufundi ni kwa sababu nafasi ya picha au tangazo haikuhifadhiwa kabla halijafika. Ukitaja upana na kimo chake mapema, ukurasa unatulia. Google mwaka 2020 walitangaza vipimo vya ubora wa kurasa, na kimojawapo kinapima hasa mruko huu: alama yake isizidi 0.1. Kingine kinataka kipande kikubwa zaidi cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Nashauri wahariri wadai namba hizi kila wiki kama wanavyodai idadi ya wasomaji.

Ninachobisha bado ni mwisho. Habari zenyewe haziishi, mkuu. Tetemeko likitokea saa nane mchana, toleo lako la jioni linamfaa nani?

#8 Mleta uzi

Tetemeko liingie saa ileile, na arifa itumwe. Toleo halizuii dharura, hata magazeti yalikuwa na matoleo ya ziada. Ninachokataa ni kuifanya kila habari iwe na sura ya dharura. Arifa ya tetemeko ikifuata arifa tano za udaku, msomaji ameshazizima zote.

Kusogeza kusiko na mwisho nako kulibuniwa na mtu. Mbunifu wa programu Aza Raskin aliitengeneza mbinu hiyo mwaka 2006 kwa nia ya kumwondolea mtumiaji usumbufu wa kubofya ukurasa unaofuata, na baadaye alijuta hadharani. Kwenye orodha ya matokeo ya utafutaji pengine ina maana. Chini ya habari haina. Mtu amemaliza kusoma kuhusu mafuriko yaliyoua watu, kabla hajavuta pumzi kichwa cha habari nyingine kimeshaingia. Hapo usanifu umemnyang'anya nafasi ya kufikiri.

Mzee wa kurasa, kuhusu kumbukumbu nakuunga mkono na naongeza viungo. Uwezo wa kubofya ukaona waraka wenyewe, hukumu yenyewe, takwimu zenyewe, ni jambo ambalo karatasi haliwezi, na nalithamini sana. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 2021 walichunguza viungo vilivyomo kwenye makala za New York Times tangu 1996, wakakuta robo ya vile vinavyoelekeza kwenye ukurasa mahususi havifunguki tena, na kwa makala za 1998 vilikuwa asilimia 72. Nakala ya gazeti la siku ileile iliyotunzwa maktabani bado inasomeka yote. Kwa hiyo anayeweka kiungo kwenye habari nzito ahifadhi na nakala ya alichokiunganisha.

Mkuu wa tovuti, umesema utapeleka hoja kazini, basi peleka na hii, ni ndogo na haihitaji bajeti. Aya ya mwisho ikiisha, weka mstari. Chini yake weka saa habari ilipochapishwa, saa ilipobadilishwa na kilichobadilika. Kisha viungo vitatu, visizidi, vilivyochaguliwa na mhariri aliyeisoma habari hiyo, kimojawapo kikieleza chanzo cha jambo kwa asiyelijua. Baada ya hapo ukurasa uishe. Wapime wasomaji kwa mwezi mmoja, na watakaporudi kesho yake waulizwe wanakumbuka nini.

#9 Mchangiaji, msomaji asiyeona

Na ule mstari uwekeni kwenye msimbo pia, nisikie kwamba habari imeisha.